Kishikwambi chenye kibodi ya kuchomolewa: Sura ya kwanza na kazi ya kweli

MNUNUZI wa ngamia katika soko la mifugo la Isiolo hatoi pesa kabla ya kutazama meno ya mnyama, kukagua miguu yake na kumwona akitembea. Anayenunua kishikwambi mara nyingi hutoa pesa baada ya kuona tu jinsi kioo kinavyong'aa. Matokeo yake ni kwamba kifaa kilichogharimu bei ya mbuzi kadhaa huishia kutazamiwa filamu, na ripoti za shule zinaendelea kuandikwa kwa kalamu au kupelekwa katika maduka ya huduma za intaneti mjini.

Aina moja ya kifaa hiki huwavutia sana walimu, makarani, wanafunzi wa vyuo na maafisa wanaofanya kazi nyanjani. Nacho ni kishikwambi kinachokuja na kibodi inayoweza kuchomolewa. Kibodi ikiwa mahali pake, kifaa hufanana na kipakatalishi kidogo. Ikiondolewa, hubaki kioo kinachoshikwa mkononi kama kitabu. Ahadi yake ni kumfaa mtu aliyeko ofisini na yule aliye safarini, kwa bei ya kifaa kimoja. Ahadi hiyo ni ya kweli kwa kiasi fulani, lakini ina masharti ambayo hayaonekani siku ya kwanza.

Asili ya kifaa

Wazo hili si geni. Bill Gates wa kampuni ya Microsoft alionyesha hadharani mwaka wa 2001 tarakilishi za kuandikiwa kwa kalamu maalumu juu ya kioo. Mwaka uliofuata ilitolewa modeli ya Compaq TC1000, ambayo kibodi yake iliweza kuondolewa kabisa. Vifaa vya wakati huo vilikuwa vizito, vya bei ghali na vya mwendo wa polepole, kwa hivyo havikuenea.

Mambo yalibadilika mwaka wa 2010 Apple ilipotoa iPad, kishikwambi kilichoendeshwa kwa kidole na kilichokaa na moto kwa saa nyingi. Hata hivyo, watumiaji wengi waligundua upesi kwamba kioo kitupu ni kizuri kwa kusoma na kibaya kwa kuandika. Mwaka wa 2011 Asus ilijibu kwa kifaa kilichoitwa Transformer, ambacho kibodi yake ilikuwa na betri ya ziada ndani. Mwaka wa 2012 Microsoft ilitoa Surface, kifaa chenye mguu wa kusimamia nyuma na kibodi nyembamba inayonaswa kwa sumaku na kugeuka kifuniko wakati wa safari. Tangu hapo kampuni nyingi zimefuata mtindo huo.

Vishikwambi na Isiolo

Nchini Kenya, safari ya vishikwambi imepitia zaidi mikono ya serikali. Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka wa 2013, muungano wa Jubilee uliahidi vipakatalishi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Baada ya zabuni ya kwanza kubatilishwa, mpango ulibadilishwa, na kuanzia mwaka wa 2016 shule za msingi za umma zikaanza kupokea vishikwambi badala ya vipakatalishi. Kazi ya kuvitoa ilikabidhiwa vyuo vikuu viwili, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kwa ushirikiano na kampuni za kigeni.

Usiku wa Agosti 24 kuamkia Agosti 25, mwaka wa 2019, Kenya ilianza kuhesabu watu kwa kutumia vishikwambi badala ya karatasi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hii. Katika Kaunti ya Isiolo, yenye eneo la zaidi ya kilomita mraba 25,000, sensa hiyo ilihesabu watu 268,002. Maelfu ya wakazi waliona basi kazi ya serikali ikifanywa kwa kifaa kinachobebwa mkononi, kutoka manyatta hadi manyatta, bila mafaili na bila makabati. Mwaka wa 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba vishikwambi vilivyotumika katika sensa vingegawiwa walimu.

Tukio hilo lina somo muhimu. Kazi ya karani wa sensa ilikuwa kuuliza maswali yaliyopangwa na kuchagua jibu kwa kidole, au kujaza tarakimu chache. Kazi hiyo haihitaji kibodi. Kazi ya mwalimu ni tofauti. Mtaala wa umilisi unamtaka kupakia alama za tathmini za wanafunzi katika mtandao wa Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC), na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) inamtaka ajaze fomu za kupima utendakazi wake mtandaoni. Aidha, kuna maandalizi ya masomo, barua kwa wazazi na kumbukumbu za vikao. Kifaa kilichofaa kabisa kwa sensa kinaweza kumchosha mwalimu katika ukurasa wa kwanza tu.

Kinachoonekana siku ya kwanza

Anayekishika kifaa cha aina hii kwa mara ya kwanza huvutiwa na mambo matatu. La kwanza ni wepesi. Kwa mfano, Surface Go, iliyotolewa mwaka wa 2018 ikiwa na skrini ya inchi 10, ina uzani wa zaidi kidogo ya nusu kilo bila kibodi. Kwa mtu anayesafiri kwa pikipiki kutoka Kinna hadi Garbatulla akiwa na mkoba mgongoni, tofauti kati ya nusu kilo na kilo mbili si ndogo.

La pili ni skrini, ambayo ndani ya duka huonekana safi na yenye rangi kali. La tatu ni mlio wa sumaku kibodi inaponasa mahali pake. Mlio huo umeuza vifaa vingi, kwa kuwa humfanya mnunuzi ahisi kwamba amepata kipakatalishi kamili. Hapo ndipo uchunguzi unapopaswa kuanza.

Kibodi ndiyo kazi

Kibodi za kuchomolewa ni za namna mbili. Namna ya kwanza hugusana na kishikwambi kwa vidoti vidogo vya chuma vilivyoko ukingoni. Kupitia vidoti hivyo kibodi hupata umeme na kupitisha herufi, kwa hivyo haina betri ya kuchajiwa. Namna ya pili huwasiliana na kishikwambi kwa mawimbi ya Bluetooth. Hii ina betri yake, na betri hiyo ikiisha moto katikati ya kazi, mwandishi hurudi kwenye kioo. Faida yake ni kwamba inaweza kuwekwa mbali na skrini, na mara nyingi hufanya kazi na kishikwambi chochote au hata na simu.

Kwa mahali ambapo umeme ni wa kuhesabiwa, namna ya kwanza ina nafuu kwa sababu humwacha mtumiaji na betri moja ya kushughulikia. Lakini ina dosari yake: vidoti vikipata vumbi, kibodi huanza kurukaruka herufi au kukatika. Kuvipangusa kwa kitambaa kikavu na laini mara kwa mara huondoa tatizo hilo mara nyingi. Isitoshe, kibodi ya namna hii mara nyingi hutengenezwa kwa modeli maalumu tu. Ikipotea au ikiharibika baada ya modeli hiyo kuondolewa sokoni, kuipata nyingine huwa shida.

Jambo lingine ni nafasi ya vitufe. Katika kibodi ya kawaida ya mezani, umbali kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kile kinachofuata ni karibu milimita 19. Kifaa chenye skrini ya inchi 10 hakina upana wa kutosha, kwa hivyo vitufe husogezwa karibu zaidi, na vile vya pembeni hupunguzwa. Mwenye vidole vinene, au aliyezoea kuandika bila kutazama, atafanya makosa mengi katika siku za mwanzo. Vifaa vya inchi 12 au 13 huondoa usumbufu huo, ingawa huongeza uzito na bei.

Hata hivyo, kibodi ndogo ni bora kuliko kioo kitupu. Kibodi inayochorwa juu ya kioo humeza karibu nusu ya skrini, hivyo kwamba mwandishi huona mistari michache tu ya anachoandika. Vilevile vidole haviwezi kupumzika juu ya kioo, kwa sababu kila mguso huhesabiwa kuwa herufi.

Mahali pa kukalia pia ni sehemu ya kazi. Kipakatalishi cha kawaida husimama chenyewe juu ya mapaja kwa kuwa uzito wake uko chini. Kishikwambi uzito wake wote uko kwenye skrini, kwa hivyo huegemezwa kwa mguu wa nyuma unaohitaji meza tambarare. Juu ya mapaja, ndani ya matatu au chini ya mgunga wakati wa mkutano wa wafugaji, huyumba na kuanguka. Mwenye kufanya kazi mahali pasipo na meza atafute kifaa ambacho kibodi yake ina bawaba ngumu, hata kama kitazidi uzito kidogo.

Lugha za mji

Isiolo ni mji wa lugha nyingi. Kiborana, Kisomali, Kisamburu, Kiturkana na Kimeru husikika katika barabara moja, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kwa bahati nzuri, lugha hizi huandikwa kwa herufi za Kilatini, na zinaweza kuandikwa kwa kibodi ya kawaida ya Kiingereza karibu bila taabu. Alama ya ritifaa inayohitajika katika neno kama ng'ombe, na ambayo Kiborana na Kisomali pia huitumia, iko kwenye kitufe chake.

Tatizo huletwa na programu ya kusahihisha maneno, ambayo hudhani kila mtu anaandika Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili hukuta maneno yake yamegeuzwa kuwa mengine bila idhini yake. Dawa yake ni kuzima usahihishaji huo katika mipangilio, au kuchagua Kiswahili pale lugha hiyo inapopatikana. Jambo hilo lapaswa kufanywa siku ya kwanza, kabla ya barua yoyote kutumwa.

Kwa walimu wa madrasa, hali ni tofauti. Kibodi ya kwenye kioo hugeuka kuwa ya Kiarabu mara moja, herufi zote zikionekana. Kibodi ya vitufe ina herufi za Kilatini pekee, na mtumiaji hana budi kubandika vibandiko vya herufi za Kiarabu au kukariri mpangilio wake. Hapa kifaa cha namna mbili kina faida ambayo kipakatalishi cha kawaida hakina: Kiswahili huandikwa kwa vitufe, Kiarabu kwa kioo.

Umeme na hesabu zake

Nje ya mji wa Isiolo na vituo vikubwa vya kibiashara, familia nyingi hutegemea kawi ya jua. Hapo kishikwambi hushinda kipakatalishi kwa hesabu rahisi. Betri ya kishikwambi cha inchi 10 huweza kuhifadhi karibu wati 30 kwa saa. Ikiwa kifaa kinatumia wati 6, kitafanya kazi kwa muda wa saa tano. Paneli ya wati 20 ikipigwa na jua kali kwa saa tano hutoa, kwa hesabu ya karatasini, wati 100 kwa saa. Baada ya kupotea kwingi njiani, huenda zikabaki 60 hivi. Kiasi hicho kinatosha kujaza kishikwambi na simu moja kwa siku.

Ni muhimu kutazama namna ya kuchaji. Vifaa vingi vya kisasa huchajiwa kwa waya wa USB wa aina ya C, hivyo vinaweza kupata umeme moja kwa moja kutoka kwa mtambo mdogo wa sola au betri ya kubebwa. Kifaa chenye chaja ya pekee inayohitaji umeme wa volti 240 hulazimu kuwepo kwa mashine ya kubadilisha umeme, na mashine hiyo hula sehemu ya kawi kabla kifaa hakijapata chochote. Tena, chaja ndogo ya simu ya wati 5 huchukua zaidi ya saa sita kujaza betri ya wati 30 kwa saa, na kifaa kikiwa kinatumika huenda isijae kamwe. Mnunuzi aulize chaja yenye nguvu gani inakuja ndani ya boksi.

Jua, joto na vumbi

Mwangaza wa skrini uliopendeza dukani hufifia nje. Jua la Isiolo lina nguvu kuliko taa yoyote ya skrini, na kioo laini huakisi mbingu na uso wa mtazamaji. Kuongeza mwangaza hadi mwisho husaidia kidogo, lakini humaliza betri haraka. Kazi ya nje hufanyika vizuri zaidi kivulini, mwandishi akiwa ameelekeza mgongo wake upande wenye giza ili kioo kisiakisi anga.

Joto ni hatari zaidi kuliko mwangaza. Apple, kwa mfano, hushauri kwamba iPad itumiwe mahali penye joto lisilozidi nyuzi 35, kiwango ambacho ndani ya gari lililofungwa juani hupitwa kwa muda mfupi. Kifaa kikizidiwa na joto hupunguza kasi yake, hukataa kuchaji au hujizima. Mbaya zaidi, betri inayopikwa mara kwa mara hupoteza uwezo wake wa kuhifadhi umeme, na uwezo huo haurudi. Kifaa kisiachwe juu ya dashibodi, wala kisichajiwe kando ya paneli ya sola juani. Kiwekwe kivulini, waya ndio uende juani.

Mtandao na kumbukumbu

Vishikwambi vingine hupata intaneti kwa Wi-Fi pekee, ilhali vingine vina tundu la laini ya simu. Vya Wi-Fi pekee huwa nafuu, na simu ya mtumiaji inaweza kutumiwa kugawa intaneti, ingawa betri yake nayo huisha upesi. La msingi zaidi ni kama kifaa kinaweza kufanya kazi pasipo mtandao, kwani mbali na miji mawimbi ya simu hupungua au hukosekana. Mwalimu aliye Merti au Sericho anahitaji programu inayomruhusu kuandika alama na masomo bila intaneti, kisha kuyapakia akifika penye mawimbi.

Programu endeshi nayo huamua mengi. Kifaa cha Android ni rahisi kwa aliyezoea simu na hakidai nguvu nyingi, lakini baadhi ya programu za ofisi hufanya kazi ndani yake kwa sura iliyopunguzwa. Kifaa cha Windows hukubali programu kamili za ofisi na mashine za kuchapishia za aina nyingi, lakini chenye gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kufanyia kazi huwa kizito, na chenye gigabaiti 64 za hifadhi hujaa kwa masasisho ya programu endeshi yenyewe. Masasisho hayo pia hula vifurushi vya data. Mtumiaji aweke mipangilio ili yasipakuliwe bila ruhusa.

Bei kamili

Kosa la kawaida ni kuchukua bei ya kioo kuwa bei ya kifaa. Surface Go ilipotolewa mwaka wa 2018 iliuzwa Marekani kwa dola 399, lakini kibodi iliuzwa kando, na ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 99. Mnunuzi aliyevutiwa na picha ya kibodi kwenye tangazo alihitaji kuongeza robo ya bei ili apate alichokiona. Mwaka wa 2020 Lenovo ilitoa kifaa kiitwacho IdeaPad Duet kwa dola 279, kibodi na kifuniko cha kusimamia vikiwemo. Vifaa hivyo viwili havina uwezo sawa, lakini tofauti hiyo inaonyesha kwa nini swali la kwanza dukani ni kama kibodi imo ndani ya bei.

Juu ya hapo kuna gharama za ukarabati. Kioo cha vifaa vingi hivi hubandikwa kwa gundi, na betri iko nyuma yake, kwa hivyo kubadilisha betri kunahitaji fundi mwenye vifaa maalumu. Iwapo fundi wa modeli hiyo anapatikana Nairobi pekee, takriban kilomita 285 kutoka Isiolo, nauli na siku zilizopotea ni sehemu ya bei. Kifuniko imara na karatasi ya kukinga kioo ni akiba, si pambo.

Majaribio ya robo saa

Mnunuzi anaweza kugundua mengi kabla ya kulipa. Aombe kuandika aya nzima kwa Kiswahili, si jina lake tu. Achomoe kibodi na kuirudisha mara kumi akitazama kama inanasa kila mara bila kuzimika. Akiweke kifaa mapajani aone kama kitasimama. Akitoe nje mlangoni na kujaribu kusoma juani. Afungue programu mbili kwa pamoja, ya kuandikia na ya jedwali, na kuhama kutoka moja hadi nyingine. Hatimaye aulize chaja, dhamana na mahali pa kupata kibodi mbadala, na majibu yaandikwe kwenye risiti.

Baada ya majaribio hayo, uamuzi huwa rahisi. Afisa wa mifugo, mhesabu wa ng'ombe sokoni au mtafiti anayejaza dodoso anaweza kutosheka na kishikwambi kitupu, akanunua kibodi ya Bluetooth baadaye. Karani anayekaa mezani kutwa atafaidika zaidi na kipakatalishi cha kawaida, ambacho kwa bei hiyohiyo mara nyingi huwa na kibodi pana na hifadhi kubwa. Mwalimu, mwanafunzi wa chuo au karani wa chama anayesoma sana, anayeandika kurasa chache kila siku, anayehama kati ya mji na kijiji na kutegemea jua kwa umeme, ndiye hasa kifaa hiki kilimlenga. Kwake kibodi si nyongeza. Akishindwa kulipia kibodi nzuri leo, ni heri asubiri akusanye pesa zilizosalia kuliko kununua kioo kitakachomrudisha kwenye kalamu na foleni ya duka la intaneti.